Jogoo la Shamba Lililowika Mjini

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tuongee juu ya kazi nyingine ambayo vijana wengi wanaipenda. Kazi hiyo ni muziki.

Usishangae kumwona bwana shamba akiandika juu ya gitaa. Mkulima na mwanamuziki wanafanana. Mkulima anapanda, anapalilia, anavuna, kisha anauza. Mwanamuziki anatunga wimbo, anaufanyia mazoezi, anaupiga mbele ya watu, kisha anauuza. Wote wawili wanaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa jasho lao, na mwisho faida ikaliwa na mtu mwingine.

Wahenga walisema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Leo nitakueleza habari za jogoo moja la shamba. Lilianza kuwika hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Likasikika Dar es Salaam, likasikika Nairobi na Mombasa, likasikika mpaka Japani. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

MOROGORO, MJI WA MUZIKI

Ukikaa na wazee wa Mwembesongo jioni, ukawauliza juu ya muziki wa zamani, watakutajia bendi mbili. Ya kwanza ni Cuban Marimba. Ya pili ni Morogoro Jazz.

Cuban Marimba ilikuwa bendi ya Salum Abdallah. Yeye alianza na kikundi kilichoitwa La Paloma mwaka 1948. Baadaye kikundi hicho kikawa Cuban Marimba. Je, jina hilo la Kuba lilitoka wapi? Lilitoka kwenye santuri. Tangu mwaka 1933 santuri za muziki wa Kuba zilianza kuuzwa katika Afrika. Zilikuwa na alama ya herufi GV. Watu walizipiga kwenye gramafoni. Vijana wa mijini walisikiliza, wakazipenda, wakaanza kuziiga.

Lakini Salum Abdallah hakukaa katika kuiga tu. Aliuchukua mwendo wa Kuba, akauwekea maneno ya Kiswahili. Aliimba juu ya mambo ambayo watu wa hapa waliyajua. Kwa hiyo mtu wa Morogoro aliposikiliza, alisikia kitu chake.

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Uongozi wa bendi ukashikwa na Juma Kilaza.

Miaka hiyohiyo, katikati ya miaka ya 1960, kijana Mbaraka Mwinshehe aliingia katika bendi ya pili, Morogoro Jazz. Alikuwa amezaliwa mwaka 1944. Kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Bendi hizi mbili zilishindana sana. Kila moja ilikuwa na mashabiki wake. Ushindani huo ulikuwa mzuri. Bendi moja ikitoa wimbo mzuri, nyingine haikulala.

MBEGU ZILITOKA WAPI?

Mkulima mwenye akili hachagui mbegu kwa kufumba macho. Anaangalia shamba la jirani. Akiona mahindi mazuri anauliza: Mbegu hii umeitoa wapi? Umepanda lini? Kisha anaijaribu katika udongo wake. Akiona inafaa, anaiendeleza.

Wanamuziki wa wakati wa Mbaraka walifanya hivyohivyo. Mbegu zao zilitoka sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni Kuba, kwa njia ya santuri, kama nilivyoeleza.

Sehemu ya pili ni Kongo. Huko palikuwa na wapiga gitaa hodari. Mmoja ni Franco wa bendi ya OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956. Mwingine ni Nico Kasanda, aliyeitwa Dokta Nico. Nyimbo zao zilisikika redioni na kwenye santuri. Wapiga gitaa wa Tanzania walizisikiliza kwa makini sana, nyuzi kwa nyuzi.

Sehemu ya tatu ni nyumbani. Mtoto wa nchi hii anasikia ngoma kabla hajajua kusoma. Wazaramo wana mdundiko. Waluguru wana mbeta, yenye filimbi zake. Kuna nyimbo za kulima, nyimbo za harusi na nyimbo za kumtoa mwali. Mtu akikua katika sauti hizo, zinakaa mwilini mwake.

Mbaraka alipiga gitaa la solo. Hilo ndilo gitaa linaloongoza na kujibizana na mwimbaji. Aliimba pia. Tena alitunga. Mtu mmoja, kazi tatu. Alitunga kwa Kiswahili, juu ya mapenzi, juu ya shida za maisha, juu ya maonyo kwa vijana. Ukisikia gitaa lake unajua ni lake, hata kama hujaambiwa jina.

Hapo pana fundisho. Kuiga ni shule, si kazi ya maisha. Kijana anayejifunza lazima aanze kwa kuiga. Lakini akiiga mpaka uzee, watu watamkumbuka yule aliyeigwa, hawatamkumbuka yeye.

KUPIGA MBELE YA WATU

Kuna watu wanadhani mwanamuziki ni mtu wa starehe. Wanamwona usiku akiwa jukwaani, amevaa nguo nzuri, watu wanacheza. Hawamwoni mchana.

Muziki wa dansi wa miaka ile ulikuwa kazi ngumu. Bendi ilifanya mazoezi mchana, siku za wiki. Mwisho wa wiki ilipiga dansi. Jumapili mchana palikuwa na dansi ya vijana, iliyoitwa bugi. Jioni palikuwa na dansi ya watu wazima. Muziki ulikwenda kwa saa nyingi mpaka usiku wa manane. Baada ya hapo bendi ilipakia vyombo vyake na kwenda wilaya nyingine, katika barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika.

Tena bendi hizo zilikuwa na desturi ya kuwa na mtindo wake. Mtindo ni namna ya kupiga na kucheza, nao ulipewa jina. Morogoro Jazz walikuwa na mtindo wa Likembe. Watu walikuja wanaujua mtindo, wanakuja kuucheza. Bendi ikibaki na mtindo mmoja kwa muda mrefu, watu walichoka. Kwa hiyo wapigaji walilazimika kufikiri kila mara.

Kupiga mbele ya watu ndiko kulikokuwa mtihani wa wimbo. Wimbo ukipigwa na watu wakabaki wamekaa, mtunzi alijua kwamba bado haujaiva. Ukipigwa na ukumbi mzima ukasimama, alijua. Hakuna mwalimu mkali kuliko mtu aliyelipa kiingilio mlangoni.

Wimbo uliofaulu ulikwenda redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio, na ilirekodi bendi za nchi nzima. Mtu aliyekuwa Kigoma, ambaye hakupata hata siku moja kufika Morogoro, aliijua Morogoro Jazz kwa njia ya redio.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipata safari kubwa. Ilikwenda Japani, katika mji wa Osaka. Huko palikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa yaliyoitwa Expo 70. Mataifa mengi yalipeleka bidhaa zao na utamaduni wao. Tanzania ilipeleka bendi kutoka Morogoro. Fikiri, ndugu msomaji. Vijana waliozoea kumbi zetu ndogo walisimama mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, wakapiga muziki wa kwao.

KUTAKA KUJITEGEMEA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Wakati ule wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Gitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwenye bendi aliweza kuwa mtu binafsi, au chama, au shirika. Kwa mfano, bendi ya NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, nayo ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji wake walikuwa waajiriwa wa chama hicho. Mpango huo ulikuwa na faida. Mwanamuziki alipata mshahara kila mwezi. Chombo kikiharibika, halikuwa tatizo la mfuko wake.

Lakini ulikuwa na upande wa pili. Mwanamuziki akiondoka, anaondoka mikono mitupu. Jina linabaki. Vyombo vinabaki. Hali hiyo ni sawa na mkulima wa shamba la kukodi. Analima vizuri, anaweka mbolea, anachimba matuta. Siku mwenye shamba akisema toka, matuta hayabebeki.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz. Akaanzisha bendi yake, Super Volcano, na mtindo mpya uliojulikana kama Masika. Jina la masika linampendeza sana bwana shamba! Baadaye alirekodi nyimbo huko Kenya. Wimbo wake wa Shida ulipendwa sana huko na huku, na unapigwa mpaka leo.

Je, kujitegemea kulikuwa rahisi? Hapana. Mtu akiwa na bendi yake, ndiye anayetafuta chakula cha wapigaji. Ndiye anayetafuta gari. Uzi wa gitaa ukikatika, ni wake. Ukumbi ukikosa watu, hasara ni yake. Mkulima mwenye shamba lake anaielewa hali hiyo. Mvua isiponyesha, hana wa kumlalamikia. Lakini mavuno yakija, hayagawi kwa mtu asiyemjua.

Mwezi Januari 1979 Mbaraka alifariki katika ajali ya gari karibu na Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Kumbuka kwamba Salum Abdallah naye alifariki kwa ajali ya gari. Barabara iliyowapeleka kwa watu ndiyo iliyowachukua. Kwa hiyo kijana unayezunguka na muziki, usione haya kulala pale ulipopiga. Safari ya usiku, na wewe umechoka na dereva amechoka, haina haraka ya kukutoa roho.

WIMBO NI SHAMBA

Mzee mmoja wa hapa Mwembesongo alinisimamisha njiani mwaka huu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, bwana shamba. Mwanangu amelitupa jembe. Kila siku yuko kwenye chumba cha kurekodia. Sasa ameletewa karatasi ya kutia sahihi. Wamemwahidi fedha. Wewe umesoma. Niambie, ni kazi hiyo?"

"Karatasi mmeisoma, mzee?"

"Hatukuisoma. Ina kurasa nyingi."

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Kijana huyo hana kosa kupenda muziki. Morogoro imeendelea kutoa wanamuziki. Afande Sele, Belle 9 na Stamina wote ni watu wa Morogoro. Hatari iko kwenye karatasi isiyosomwa.

Ndugu msomaji, unamjua mnunuzi wa lumbesa. Anakununulia gunia moja. Lakini gunia limefungwa kilemba juu, limekuwa gunia moja na nusu. Unalipwa moja. Tena unamjua yule anayekuja wakati wa njaa, kabla ya mavuno. Anakupa fedha kidogo, naye anachukua mahindi yote yakiwa bado shambani. Mkataba mbaya wa muziki ni lumbesa ya maneno. Unaambiwa unauza wimbo mmoja. Ndani imeandikwa nyimbo zako zote, hata zile ambazo hujazitunga.

Sasa tujifunze. Wimbo uliorekodiwa una mambo matatu ndani yake.

1. Utungaji. Haya ni maneno na sauti ya wimbo. Mwenyewe ni mtunzi.

2. Uimbaji na upigaji. Mwenyewe ni yule aliyeimba na yule aliyepiga chombo.

3. Rekodi. Hii ni ile sauti iliyohifadhiwa. Mwenyewe ni yule aliyesimamia na kugharamia kazi ya kurekodi.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu. Pia yanaweza kuwa ya watu watatu mbalimbali. Kabla ya kutia sahihi uliza: Ninauza lipi? Au ninalikodisha tu? Kwa miaka mingapi? Nitalipwa mara moja, au kila wimbo unapotumika?

Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Hakimiliki maana yake ni haki ya mtu juu ya kazi ya akili yake. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote. Akifariki, warithi wake wanalindwa kwa miaka 50. Kwa hiyo wimbo ni kama mnazi. Babu anapanda, mjukuu anakula. Lakini babu akiuuza mnazi na ardhi yake kwa bei ya nazi mbili, mjukuu atakula nini?

MAMBO YA KUFANYA

Kijana wa kijijini au wa mjini unayetaka kuwa mwanamuziki wa kujitegemea, fanya haya:

1. Sikiliza sana. Sikiliza wa zamani na wa sasa, wa mbali na wa nyumbani. Waulize wazee nyimbo zao.

2. Fanya mazoezi kila siku, hata saa moja. Palizi haifanywi siku ya mavuno.

3. Piga mbele ya watu. Anza na harusi, sherehe za shule na mikutano ya kijiji. Angalia uso wa mtu anayesikiliza.

4. Weka akiba ya kununua chombo chako mwenyewe, hata kama ni kimoja.

5. Andika nyimbo zako katika daftari. Weka tarehe. Kama mmetunga watu wawili, andika majina yote mawili.

6. Nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Atakueleza namna ya kujiandikisha katika Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, na katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA.

7. Usitie sahihi siku ileile unapoletewa karatasi. Ipeleke nyumbani. Isome neno kwa neno. Neno usilolijua, uliza kwa mtu asiye na faida katika biashara hiyo. Ukiambiwa hakuna muda wa kusoma, basi hapo ndipo pa kukataa. Ukitia sahihi, bakiza nakala yako.

8. Usilitupe jembe. Bustani ya mchicha inakwenda sokoni baada ya wiki tatu au nne. Wimbo unaweza kuchukua miaka. Mtu mwenye chakula nyumbani halazimiki kukubali bei yoyote.

Na wewe mzazi, usimfukuze mtoto kwa sababu ya gitaa. Kaa naye. Kama yeye anajua kupiga na wewe sasa umejua kusoma, someni pamoja karatasi hiyo. Ulipokwenda darasa la kisomo, pengine ulidhani utasoma barua na bei za dukani tu. Sasa unaona kwamba kusoma kwako kunaweza kuokoa kazi ya mtoto wako na chakula cha wajukuu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wanamuziki wa wakati wa Mbaraka walipata mbegu za muziki wao kutoka sehemu gani tatu?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuiga na kujifunza?

3. Taja faida moja na hasara moja ya kuwa na bendi yako mwenyewe.

4. Katika kijiji chenu kuna ngoma gani ambazo vijana hawazijui tena? Nani anaweza kuwafundisha?

5. Je, kuna mtu katika kikundi chenu aliyewahi kutia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakuisoma? Ilikuwaje?

Mwezi ujao tutaongea juu ya kuandaa kitalu cha mboga kabla ya mvua za vuli. Kazi njema.